KAZI YA MIKONO: Kamio inayokataa kuamuka asubuhi



Sisi tunaokaa huku juu penye shaba, toka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, tunajua baridi ya mwezi wa sita na wa saba ni kitu gani. Saa kumi na moja ya asubuhi inashuka chini ya digri 10, watoto wanazunguka mbabula, na mama akitaka kutia mafuta ya ngazi katika sombe anapashwa kuyachota kwa kijiko kama mtu anayekata sabuni. Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya mafuta hayo ya ngazi, lakini si ya katika sombe. Ni ya katika kamio.

Kuko wenye kamio wanaokwenda kutafuta mahindi na ngazi upande wa kaskazini. Huko mazuti inafika kwa shida na bei yake inapanda, lakini mafuta ya ngazi yako mengi. Basi wanafanya hesabu: badala ya kununua mazuti, motere ikule ngazi. Jambo hili si la wazimu, wala si jipya. Mwaka 1900, katika maonyesho makubwa ya Paris, motere ya Diesel ilizungushwa mbele ya watu kwa mafuta ya karanga. Mwaka 1937 mwalimu mmoja wa chuo kikuu cha Bruxelles, jina lake Chavanne, alipewa hati ya serikali ya Ubelgiji kwa njia yake ya kubadilisha mafuta ya mimea kwa alkoli ili yawe mepesi kama mazuti. Mwaka 1938 basi la abiria lilitembea kati ya Bruxelles na Louvain kwa mafuta ya ngazi yaliyobadilishwa hivyo. Na mwaka 1942, katika gazeti la kilimo la Kongo ya Wabelgiji, habari hiyo iliandikwa kwa urefu. Basi, kijana, ukisikia mtu anasema ni mambo ya vijiwe vya garaji tu, mwambie mababu walikwisha kuyajaribu.

Lakini angalia neno hili: Chavanne aliyabadilisha mafuta kwanza. Kwa nini? Sababu mafuta ya mimea ni mazito. Hata yakiwa ya uvuguvugu, uzito wa kutiririka kwake unapita ule wa mazuti karibu mara kumi. Enjektere imetengenezwa kunyunyiza mazuti kama ukungu. Ukiipa mafuta mazito inatema matone, na matone hayawaki vizuri. Na ya ngazi ina shida kupita ndugu zake. Mafuta ya tournesol yanabaki maji hata kwenye barafu. Ya karanga yanavumilia baridi yetu, ijapokuwa yanaanza kuwa na wingu. Ya ngazi yanataka karibu digri 35 ndipo yayeyuke kabisa. Maana yake, hapa kwetu yako nusu magumu karibu mwaka mzima, na mwezi wa saba ni jiwe.

Kwa hiyo kamio inayokula ngazi inapashwa kuwa na tanki mbili. Moja ndogo ya mazuti, moja kubwa ya ngazi. Asubuhi unawasha kwa mazuti. Maji ya moto ya radiatere yanapita kwa tiyo ndani ya tanki kubwa na kuzunguka filtri yake, yanayeyusha ngazi. Wakati maji ya motere yamefika digri 70 au 80, ndipo unageuza robine na motere inaanza kula ngazi. Jioni, mbele ya kuzima, unarudisha mazuti kwa dakika kadhaa, ili pompe na enjektere zilale zikiwa na mazuti ndani, si ngazi. Hii ya jioni tunaiita kusafisha. Wasomaji wangu, magonjwa mengi ya asubuhi yanazaliwa jioni.

Sasa sikilizeni yaliyotupata sisi.

Sisi wakristo kadhaa wa mtaa wetu tulikuwa na kamio moja ya zamani ya kijerumani, ya shirika, na mimi nilikuwa katika komite. Fundi mmoja alituwekea tanki mbili. Shofere wetu alikuwa kijana mpole, mwenye bibi na mtoto mchanga, aliyekuwa akiimba sauti ya chini katika korali. Safari ilikuwa siku tatu, nne. Kwa hesabu yetu, mazuti ya kuwasha na ya kusafisha isipite litre 20 kwa safari. Miezi miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Kisha tukaona mazuti inapotea: litre 40, litre 50, safari moja hata 60. Na wakati huo huo tulifurahi sana kwa sababu tanki ya ngazi ilikuwa inakula kidogo sana! Mhazini alisema: «Ngazi inatusaidia, lakini mazuti, mutu iko naikula njiani.» Nani asiyejua ya kama mazuti inauzwa njiani kwa bido? Hakuna mmoja wetu aliyeuliza kwa nini mambo hayo mawili yalianza juma moja.

Tulimwita kijana. Mimi ndiye niliyesema, sababu mimi ni mchungaji na watu walinitazamia mimi. Akajibu: «Baba Pasta, miye siuzishe mazuti. Sijue inaendaka wapi.» Sikumwamini. Nilimwambia mbele ya komite: kuanzia leo litre 20, hakuna tone zaidi, ikipita utalipa kwa mshahara wako. Akanyamaza. Tuliona kunyamaza kwake ni alama ya kosa.

Majuma mawili nyuma yake, mwezi wa saba, kamio ilikataa kuamuka.

Hapa naacha kidogo hadithi, sababu wengi wenu ndio mnataka jambo hili: kamio inakataa, nifanye nini?

Kwanza, usikimbilie mafuta. Angalia batri. Kamio nyingi zinatumia volti 24, ni batri mbili za 12 zilizofungwa moja nyuma ya nyingine, na moja ikiwa dhaifu inaua mwenzake. Baridi inapunguza nguvu ya batri saa ile ile ambayo mafuta ya motere yamekuwa mazito na demarere inataka nguvu zaidi. Batri nzuri iliyopumzika inaonyesha volti 12.6 hivi. Mwambie mwenzako azungushe demarere huku wewe unapima: kama kila batri inashuka chini ya 9 na nusu, usitafute pahali pengine. Safisha vichwa vya batri, kaza, angalia ule waya mnene wa masi unaokwenda kwenye shasi, maana kutu inapenda kujificha pale. Motere isipozunguka kwa mbio, hewa ndani ya silinda haipati joto la kuwasha hata mazuti safi.

Kama inazunguka vizuri na haishiki, nenda nyuma utazame ekzozi. Moshi ndio mdomo wa motere. Kama hakuna moshi hata kidogo, mafuta hayafiki: filtri imeziba kwa ngazi iliyoganda, au hewa imeingia katika tiyo. Kama moshi mweupe unatoka mwingi wenye harufu kali, mafuta yanafika lakini hayawaki: buji za kupasha moto zimekufa (kama motere yako inazo), au enjektere zimeziba kwa makaa, au kompresio imechoka. Buji inapimwa kwa urahisi: ondoa waya wake, chukua taa ya jaribio, funga upande mmoja kwenye alama ya kujumlisha ya batri, gusa kichwa cha buji. Taa isipowaka, buji imekatika. Kamio nyingi kubwa hazina buji, ziko na kifaa kidogo cha moto pale hewa inapoingia. Chenyewe pia kinasahauliwa miaka mingi mpaka siku ya baridi.

Kisha jaribio ambalo mimi nalipenda kupita yote, sababu halitaki vyombo. Chukua bido safi ya mazuti, tiyo mbili, na filtri ndogo. Tiyo moja inaleta mazuti kutoka bido mpaka pompe, ya pili inarudisha mabaki ya pompe katika bido ile ile. Tanki zote mbili ziko nje ya mchezo. Toa hewa kwa pompe ya mkono mpaka isitoke povu. Motere ikishika, basi haina ugonjwa. Ugonjwa uko katika tanki, robine, filtri au tiyo za kamio. Isiposhika, ndipo ufungue mfuko kwa mtu wa enjektere.

Na mambo ya kutokufanya. Kuvuta kamio nyuma ya kamio nyingine wakati ngazi imeganda katika pompe: mnaweza kuvunja ekseli ya pompe, na pompe ni bei ya ng’ombe kadhaa. Kumwaga esansi au eta pale hewa inapoingia: nimeona mtu aliyepoteza nyusi zake, naye alikuwa na bahati. Kuweka mbabula chini ya tanki: ninyi nyote mnajua watu wanafanya, na ninyi nyote mnajua mazuti inavuja wapi. Kama unapashwa kuyeyusha, chemsha maji, loanisha vitambaa, vizungushe kwenye filtri na tiyo polepole. Maji ya moto ya kuvumilika mkononi, si ya kuchemka, yanaweza kutiwa katika radiatere baada ya kumwaga ya baridi. Motere nzima inapata joto. Inachukua saa moja. Basi iwe saa moja.

Turudi kwa kamio yetu. Batri zilikuwa nzuri. Moshi hakuna. Vijana wa korali walisukuma mpaka jasho likawatoka katika baridi ile. Fundi alifungua tiyo ya pompe, akatoa kitu cha rangi ya machungwa, kigumu kama margarini. Akageuka kwa shofere: «Jana mangaribi ulisafisha?» Kijana akatazama chini. Akasema hapana. Alikuwa amefika na litre 20 zimekwisha, zikabaki chache tu za kuwashia asubuhi, na aliogopa kulipa kwa mshahara. Basi alizima motere ikiwa bado inakula ngazi.

Komite ilikutana siku ile ile. Wengine walisema afukuzwe: kwanza mwizi, sasa tena mharibifu. Nami, niseme kweli, nilikuwa tayari kuinua mkono.

Jioni nilirudi nyumbani na kopo la mafuta niliyochota katika tanki kubwa ya kamio, sababu fundi aliniomba nione kama yana mayi ndani. Nikaliacha jikoni usiku. Asubuhi mama wa nyumba ananiita: «Baba, hii mafuta ya ku kamio ni ya wapi?» Namwambia, ni ile ile, tulinunua pipa moja, nusu ikaja hapa, nusu ikaenda katika tanki. Akasema: «Hapana. Ona. Ya kwangu iko nguvu sawa sabuni. Ya kwako inatelemuka. Na inanuka mazuti.»

Niliinamisha kopo. Yalitiririka. Katika baridi ya mwezi wa saba, mafuta ya ngazi yalitiririka kama uji.

Hata mtu aliyesoma shule ya Biblia tu anaweza kuelewa jambo hilo. Mazuti haikuuzwa njiani. Iko katika tanki ya ngazi.

Nilikimbia kwa fundi na kopo langu. Tukalala chini ya kamio. Nawaeleza wazi, sababu kamio nyingine ziko na ugonjwa huu leo na wenyewe hawajui. Pompe ya enjeksio inavuta mafuta mengi kupita yale inayochoma, na mabaki yanarudi katika tanki kwa tiyo ya kurudi. Kwa hiyo kuko robine mbili: moja ya kuleta, moja ya kurudisha. Ukiwa kwa mazuti, mabaki yanapashwa kurudi katika tanki ya mazuti. Robine yetu ya kurudisha, mkono wake ulikuwa unageuka vizuri kabisa, lakini ndani kipini kilichoshika ile tufe kilikuwa kimekatika. Mkono unageuka, tufe imelala palepale, imetazama tanki ya ngazi. Kila asubuhi wakati wa kupasha motere, na kila jioni wakati wa kusafisha, mazuti ilikuwa inahamia polepole kwa jirani. Kijana aliyesafisha vizuri ndiye aliyepoteza mazuti mingi zaidi. Na ile furaha yetu ya kama ngazi inaliwa kidogo, ilikuwa ni mazuti yetu wenyewe inayojaza tanki.

Tulipima kwa kijiti. Ngazi iliyokuwa katika tanki ilipita hesabu ya manunuzi yetu. Hesabu ilikuwa mbele yetu miezi yote ile, katika kitabu cha mhazini, kwa mwandiko wake mzuri.

Nilikwenda kwake nyumbani kabla ya komite, sikutaka kumwita kwangu. Bibi yake alinipa kiti, akatoka nje na mtoto. Nilimwambia robine ilivyokuwa, nikamwomba msamaha. Alinyamaza muda. Kisha akauliza: «Baba Pasta, na mbele ya komite?» Alikuwa na haki. Nilimshitaki mbele ya watu. Nikasimama mbele ya watu wale wale siku ya Posho, na mhazini pia, na makato ya mshahara wake yakarudishwa. Katika korali alikawia kurudi. Juma la tano hivi ndipo nilisikia tena sauti ya chini.

Robine mpya tulitafuta ya chuma. Fundi wa kwanza alitaka kutupa ya shaba nyekundu na tiyo za shaba, na hapa kwetu nani hana kipande cha shaba nyuma ya nyumba? Lakini hapo, ndugu zangu wa mgodi, shaba yetu si rafiki. Mafuta ya mimea yakikaa katika shaba yanaharibika upesi, yanakuwa kama gundi. Hata pipa lililopakwa zenki si zuri kuyahifadhi, maana asidi ya ngazi ya kijijini inakula zenki na kufanya kitu kama sabuni kinachoziba filtri. Tumia chuma cha kawaida au aluminium, na tiyo zinazovumilia mafuta. Kauchu ya kawaida inavimba na kulegea, na tiyo iliyolegea inavuta hewa, na hewa ni kukosa kuwaka kesho.

Tulifanya na mengine. Kila mafuta sasa iko na filtri yake, na robine iko karibu na pompe, ili kusafisha kusichukue muda mrefu. Wakati wa kusafisha, dakika ya kwanza mabaki yanarudishwa kwa ngazi, sababu bado yamechanganyika, kisha ndipo robine ya kurudisha inageuzwa kwa mazuti. Dakika tano kwa yote zinatutosha. Ngazi tunaichemsha ili mayi yatoke, tunaiacha itulie siku kadhaa, tunaipitisha katika kitambaa kizito. Na vidanje tunaifanya kwa nusu ya kilometa za zamani, sababu ngazi kidogo inateremka pembeni ya pistoni na kuchanganyika na mafuta ya motere; ukichelewa, utakuta bukari ndani ya karteri. Motere za pompe ya duara, ile inayolainishwa na mafuta inayopitisha, mimi singezipa ngazi hata kidogo. Pompe za mstari, zenye mafuta yao ya kulainisha, ndizo zinavumilia.

Na kama mtu ananiuliza: Pasta, ni vema kuchoma chakula cha watu katika motere? Ni swali la haki. Sisi tulikubaliana kutumia yale yaliyochacha au kubaki katika vikaango vya mama wanaokaanga mikate, na kununua mazuri pale tu ambapo soko la kijiji limejaa. Mwaka ambao ngazi inapanda bei katika soko, kamio inakula mazuti kama wenzake.

Katika kabini yetu kijiti chenye alama kimefungwa karibu na kiti. Jioni shofere anapima tanki mbili, si moja, anaandika namba mbili katika daftari, na mtu wa komite anaandika jina lake kando. Tangu hapo litre 20 zinatosha, na mara nyingi zinabaki 3 au 4.